Habari ya Karanga za Kongwa, na Fundisho Lake

Wasomaji wetu, katika nchi hii hapana kazi ya shamba iliyopata kusifiwa mno kabla haijaanza, na kuchekwa mno ilipokwisha, kama kazi ya karanga ya Kongwa katika Ugogo. Ilianza mwaka 1947, wakati Waingereza walipoitawala Tanganyika, ikaachwa mwaka 1951. Vijana wengi wa leo wameisikia kama kichekesho tu: Wazungu walikuja na matrekta mengi, wakalima, wakapata hasara, wakaenda zao. Lakini habari ikichekwa bila kuchunguzwa haimfundishi mtu neno, na hasara ile ile yaweza kuturudia kwa jina lingine.

Watu hutoa sababu mbili. Wengine husema ya kuwa wale Wazungu walikuwa wajinga. Sivyo, wengi wao walikuwa watu wenye elimu, tena wenye bidii. Wengine husema ya kuwa mitambo ilikuwa mibovu. Ni kweli, mingi ilikuwa mikuukuu; walakini mitambo mipya nayo ilishindwa na nchi ile. Mimi naona shina la hasara liko mahali pengine. Katika kazi ile eka zilihesabiwa, na matrekta yalihesabiwa, na tani za karanga zilihesabiwa hata kabla ya kupandwa. Lakini mwenyeji aliyeijua ardhi, na kibarua aliyetakiwa kuifanya kazi, hawakupewa nafasi yao katika shauri. Na tuangalie jinsi mambo yalivyokwenda.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, watu wa Uingereza walikuwa na shida ya chakula. Mafuta ya kupikia na siagi yalikuwa haba, kila mtu akipimiwa sehemu yake kwa kadi. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, alipeleka shauri kwa Serikali ya Uingereza: karanga, ambazo wengine huziita njugu nyasa, zilimwe kwa mitambo katika mapori ya Afrika ya Mashariki, mafuta yake yaende Uingereza. Serikali ikapendezwa na shauri hilo, ikatuma watu watatu kuja kutazama. Mkubwa wao alikuwa Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani Mkurugenzi wa Kilimo katika Tanganyika. Walitembea muda wa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya safari yao ilikuwa kwa ndege.

Waliporudi waliandika taarifa. Walishauri yafyekwe mashamba 107, kila moja la eka 30,000, yaani eka zaidi ya 3,200,000 kwa jumla, karibu na maili za mraba 5,000. Mengi yangekuwa katika Tanganyika, na mengine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Gharama walizikadiria kuwa paundi milioni 24. Walitumaini ya kuwa baada ya miaka michache zitapatikana tani 600,000 za karanga kila mwaka. Bwana John Strachey, aliyekuwa Waziri wa Chakula, akaukubali mpango huo, na mapema mwaka 1947 watu wa kwanza wakafika Kongwa.

Kwa nini Kongwa? Kwa sababu palionekana pana nafasi. Aliyetazama kutoka juu aliona pori kubwa lisilo na vijiji vingi, akasema moyoni, "Nchi hii ni tupu, haina kazi." Lakini nchi haiwi tupu bila sababu. Kama angeshuka, akakaa barazani na wazee, wangemweleza kwa nini watu wao hawakujenga huko kwa wingi. Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja tu, tena haina ahadi. Mwaka huu yaja, mwaka ujao yakatika katikati, mimea ikanyauka. Ndiyo sababu Wagogo walishika mtama na uwele, mazao yanayovumilia jua, na zaidi ya hayo walishika ng'ombe, ambao mvua ikikosa hapa huweza kuswagwa hata pale iliponyesha. Maisha yao yote yalikuwa jibu la swali ambalo wale wapangaji hawakuliuliza. Wahenga walisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Kwa ndege hapana kuinama.

Basi kazi ikaanza, na taabu ikaanza nayo. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo, haikuweza kupokea mizigo mingi namna ile. Njia ya reli ilikuwa moja, na mafuriko yakaikata. Matrekta mapya hayakupatikana, maana dunia nzima ilikuwa ikiyatafuta baada ya vita. Basi yakanunuliwa yaliyoachwa na jeshi la Marekani katika visiwa vya Philippines, mengi yameliwa na kutu. Baadaye hata vifaru vya vita vilivyoitwa Sherman vikageuzwa kuwa matrekta.

Vichaka vya Kongwa navyo vilikuwa adui mkali. Miti iliangushwa kwa upesi, lakini mizizi ilishika ardhini kama kamba, ikavunja majembe ya plau. Mibuyu ilikuwa na nyuki, na nyuki waliposhtushwa waliwafukuza madereva. Wakabuni njia ya kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili na kuuburuta porini, nayo ilisaidia. Lakini lililowashinda kabisa lilikuwa udongo wenyewe. Wakati wa mvua ulikuwa laini. Jua lilipowaka uligeuka kuwa mgumu kama sakafu ya nyumba iliyopigwa vema. Sasa karanga, kama kila mkulima ajuavyo, huzaa chini ya ardhi. Zikazaa, lakini kuzing'oa ikawa kazi. Tena udongo ule ulikuwa na changarawe kali, ukayala majembe ya chuma upesi kuliko walivyotazamia. Uchunguzi wa udongo wenye kutosha ulikuja nyuma ya matrekta badala ya kuyatangulia. Mwaka ule wa kwanza walikusudia kutayarisha eka 150,000. Walizopanda hazikuzidi sana eka 7,500, yaani sehemu moja katika ishirini.

Sasa tuwatazame watu wa kazi. Vijana wa Kiafrika walioajiriwa kuendesha matrekta, wengi hawakupata kushika usukani katika maisha yao. Walifundishwa kwa haraka sana, na mara nyingi mwalimu na mwanafunzi hawakuwa na lugha moja ya kuelewana. Matrekta yakaharibika, kabla ya mwaka 1947 kwisha, mengi ya yale yaliyoletwa yalikuwa yamesimama, hayafanyi kazi. Palikuwa na watu waliosema, "Mwafrika hawezi mitambo." Mimi ni mwalimu, nami najua jambo moja: mtoto mmoja akishindwa hesabu, labda hakusikiliza, darasa zima likishindwa, mwalimu ayatazame mafundisho yake kwanza. Vijana wale wale waliofundishwa taratibu na mafundi wenye subira walikuja kuwa madereva na mafundi wazuri, na wengine wakaendelea na ufundi huo miaka mingi baada ya karanga kusahauliwa.

Mwezi wa Septemba 1947 likatokea neno jingine. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Bei za vitu zilikuwa zimepanda tangu wakati wa vita, na mishahara haikupanda sawasawa nazo. Mgomo ukawaingia watu wa reli, ukafuata njia ya reli kwenda bara, na vibarua wa Kongwa nao wakaacha kazi. Katika hesabu za mpango palikuwa na bei ya trekta na bei ya mafuta yake. Lakini kuli atakula nini, atalala wapi, na mshahara wake utatosha unga wa watoto wake au hautatosha, hayo hayakufikiriwa kuwa sehemu ya kazi ya karanga. Ndipo ilipoonekana ya kuwa mtambo wa paundi maelfu huweza kusimama kwa sababu ya mtu wa shilingi chache.

Mwaka 1948 kazi ilitolewa katika mikono ya kampuni ikatiwa katika shirika jipya la Serikali ya Uingereza, lililoitwa Overseas Food Corporation. Wakubwa walibadilishwa, na mashamba yakafunguliwa pia Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikaanza kujengwa bandari ya Mtwara, na reli ikajengwa. Mwaka 1949 mvua ikakosa Kongwa, na mimea ikafa kwa kiu. Wakajaribu alizeti, nayo ikapigwa na jua lile lile. Hata mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza ya kuwa mpango mkubwa umekwisha. Fedha zilizopotea zilikuwa kama paundi milioni 36, na watu wa Uingereza hawakupata mafuta waliyoahidiwa. Ile reli ya kusini nayo iling'olewa miaka ya 1960, kwa kuwa haikuwa na mzigo wa kutosha.

Labda msomaji atasema, "Basi karanga hazifai kuwa zao kubwa katika Afrika." Ili tumjibu, na tuvuke bara zima, twende Kano, katika Nigeria ya kaskazini, maana huko karanga zina habari nyingine kabisa.

Reli ilifika Kano mwaka 1911. Waingereza walioijenga walitumaini ya kuwa Wahausa watalima pamba kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Uingereza. Lakini mkulima wa Kihausa alipiga hesabu yake mwenyewe. Aliona ya kuwa bei ya karanga ni njema kuliko ya pamba. Tena karanga, kama hazikununuliwa, zaweza kuliwa nyumbani, na pamba hailiwi. Wafanyabiashara wa Kihausa, waliozoea tangu zamani kusafiri na punda vijijini, wakaenda kwa wakulima na nguo na chumvi, wakawaeleza habari ya soko jipya, na wengine wakawakopesha mpaka mavuno. Mwenye kununua alimjua mwenye kuuza kwa jina, na kwa ukoo wake. Karanga zikaja Kano kwa wingi hata watu wa reli wakashangaa. Kijana mmoja wa Kano, Alhassan Dantata, aliyezaliwa mwaka 1877, akatajirika sana katika biashara hiyo kabla ya kufa mwaka 1955.

Katika miaka ile ile ambayo matrekta yalikuwa yakivunjika Kongwa, Nigeria ilikuwa ikiuza ng'ambo karanga zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, zilizolimwa kwa jembe la mkono na watu wenye mashamba madogo. Magunia yalirundikwa Kano kama vilima, kwa sababu magari ya reli hayakutosha kuyachukua. Na mmoja wa wanunuzi wakubwa wa karanga hizo alikuwa nani? Alikuwa United Africa Company, kampuni ya yule yule Bwana Samuel aliyetoa shauri la Kongwa. Jibu lilikuwa ghalani mwake mwenyewe, limejaa magunia.

Sisemi ya kuwa jembe la mkono ni bora kuliko trekta. Mkulima wa Kano alichoka, na mgongo wake uliuma. Kama angepata chombo cha kumpunguzia taabu, angekipokea kwa furaha. Wala sisemi ya kuwa wazee wa Ugogo walijua kila kitu. Hawakujua bei ya mafuta katika London, wala dawa za udongo, wala namna ya kutengeneza injini. Mtaalamu alijua hayo. Lakini mtaalamu naye hakujua mvua ya Ugogo. Wote wawili walikuwa na nusu ya maarifa, na kazi ilihitaji maarifa mazima. Tofauti ya Kano na Kongwa ni kwamba Kano mkulima alikuwa mwenye shauri: alichagua zao, alijua faida yake, akamwendea mtu anayemfahamu. Kongwa alikuwa mkono wa kukodishwa tu, na maneno yake hayakutafutwa.

Tena tusidhani ya kuwa kosa hili ni la Wazungu peke yao. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 Serikali yetu wenyewe ilikuwa na nia njema ya kuwakusanya watu katika vijiji, wapate shule, maji na zahanati. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliandika mwaka 1968 ya kuwa watu hawaendelezwi na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe. Walakini mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilianza katika Ugogo huo huo, na mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa ya kuwa kukaa vijijini ni amri kwa wote, na kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa 1976. Wengi walipata shule, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini mahali pengi watu walihamishwa kwa haraka, mashamba yao yakabaki mbali, na vijiji vikapangwa kufuata barabara, hata pale ambapo udongo au maji havikuwa vizuri. Mtu aliyejua mahali pa kisima aliamriwa kupanda gari kabla hajaulizwa. Basi kosa hili halina rangi. Humpata kila mtu mwenye nguvu na ramani mkononi ambaye ana haraka.

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kwa sababu mitambo haijaacha kuja vijijini mwetu. Leo yaja pampu ya maji, kesho mashine ya kusaga, na simu zimekwisha kuja. Vijana wetu wengine watasoma, wawe wahandisi na waganga wa mifugo na watengenezaji wa programu za kompyuta, na siku moja watatumwa kupanga kazi za watu wasiowajua. Na sisi tunaobaki kijijini tutaitwa mkutanoni kuambiwa, "Tumewaletea kitu kizuri."

Chukueni mfano wa pampu. Ni nani achotaye maji? Ni mama na watoto. Basi kama kamati ya maji ni wanaume watupu, nao wakachagua mahali pa kisima kwa sababu pana kivuli cha kukutania, pampu itawekwa mahali pasipofaa, au mpini wake utakuwa mrefu hata mtoto asiufikie. Ikiharibika, watu watasema mashine ilikuwa mbaya. Lakini kama akina mama wataulizwa kwanza, nao wakaonyesha njia wanayopita, na saa wanayokwenda, na ndoo wanayobeba, na kama kijana mmoja wa kijiji atafundishwa kuitengeneza kwa lugha anayoielewa, na vipuri vyake vikajulikana vinauzwa wapi, pampu ile ile yaweza kudumu miaka mingi. Kilichotofautiana hapo ni mazungumzo ya siku mbili tatu kabla ya kuchimba.

Kwa hiyo mgeni mwenye kazi akija, tumpokee kwa adabu, kisha tuseme tunayoyajua bila woga. Tumwambie maji hukauka mwezi gani, na udongo huu hugeukaje kiangazi, na kazi yake itamwongezea nani mzigo. Tukinyamaza kwa heshima, halafu tukacheka kazi ikianguka, sisi nasi tumeshiriki katika hasara. Na kijana wetu akirudi na cheti chake, tumsifu kwa elimu yake, tena tumfundishe ile sehemu isiyoandikwa katika cheti: kukaa chini na watu, kuuliza, na kungojea jibu hata mzee amalize kikohozi chake. Hiyo ni sehemu ya kazi yake kama kupima na kuhesabu, na mtu hujifunza kwa mazoezi kama ajifunzavyo kushika usukani.

Na Kongwa je? Mpango mkubwa ulipovunjika, ardhi ile haikuachwa bure. Baada ya majaribio mengi ilionekana ya kuwa sehemu kubwa yake yafaa malisho kuliko plau, na hata leo iko ranchi kubwa ya Taifa mahali pale. Ukipita huko utaona ng'ombe wakila majani palipofyekwa kwa ajili ya karanga, katika nchi ambayo Wagogo walikuwa wakilisha ng'ombe kabla trekta la kwanza halijashushwa bandarini.